Madam wa Fizikia na Maji ya Tulia

Ungetaka kumjua Madam wa Fizikia, ungemwuliza swali asilokuwa na jibu lake. Sisi walimu wengine tukiulizwa jambo tusilolijua hukohoa kidogo, tukatafuta chaki, tukamwambia mwanafunzi kwamba swali lake ni zuri na tutalirudia kipindi kijacho. Yeye alifurahi. Uso wake, ambao kwa kawaida ulikuwa mkavu, ulilainika kama wa mtu aliyebishiwa hodi na mgeni aliyemtazamia kwa muda mrefu. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Hilo sijui bado. Hebu tulitazame." Nimemwona amekaa hivyo na msichana wa kidato cha kwanza, kengele ya chakula imelia, githeri ya mahindi na maharagwe imepoa huko bwaloni, nao wawili bado wameinamia beseni la maji wakiulizana kwa nini kalamu iliyozamishwa inaonekana imevunjika.

Shule yetu ni ya wasichana, iko nje kidogo ya Mbumbuni, huku Ukambani. Mimi hufundisha Kiswahili. Nyumba zetu za walimu zilijengwa kwa haraka na kwa matofali membamba, na yake na yangu zilishikana ukuta mmoja. Ukipiga chafya huku, kule unaombewa. Hivyo ndivyo tulivyozoeana: si kwa kutembeleana, bali kwa kusemezana ukutani kila mtu akiwa jikoni kwake. Yeye alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kadhaa. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa wasichana, kwa mlinzi, kwa mpishi, hata kwa mwalimu mkuu, alikuwa Madam wa Fizikia. Mimi nilimwita Madam tu. Yeye aliniita Mwalimu, ingawa mimi pia ni madam. Nilimwuliza sababu siku moja.

"Madam ni heshima wanayokupa," alinijibu ukutani. "Mwalimu ni kazi unayoifanya. Mimi nakuita kwa kazi."

Alikuwa mpishi mbaya. Hilo lazima lisemwe. Angeweka muthokoi jikoni, akaketi na karatasi zake za hesabu, na harufu ya mahindi yanayoungua ingenifikia mimi kabla ya kumfikia yeye. Nilikuwa nikigonga ukuta kwa kijiko. "Madam, chungu." Ndipo nasikia kiti kikiburutwa. Baadaye tulikubaliana kwamba mimi nipike na yeye aoshe vyombo, na nadhani sijawahi kuishi na vyombo safi kama vile, maana aliviosha huku akifikiri, na akifikiri hakujua kuacha.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Aliwafundisha wasichana namna radi inavyotokea, akawachorea mawingu na chaji zake ubaoni, lakini mvua ya Novemba ikianza kunguruma alijifunika shuka hadi kichwani. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka. Akasema kwa sauti iliyotoka chini ya shuka, "Wewe huogopi kwa sababu hujui kile kitu kina nguvu kiasi gani. Mimi nimeshapiga hesabu yake." Aliwakataza wanafunzi kukariri kanuni, lakini yeye mwenyewe alikuwa na Zaburi nyingi kichwani, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na alizisema akitembea kwenda madarasani, midomo ikichezacheza. Nilimwambia hiyo si haki. Akafikiri, kama alivyofikiria kila kitu, kisha akasema, "Kanuni ukiisahau unaweza kuitafuta upya kutoka mwanzo. Zaburi ukiisahau siku unayoihitaji, utaitafuta kutoka wapi?"

Kanisani aliimba sauti ya pili, na alichelewa kila Jumapili. Mtu anayeweza kukuambia chuma kitarefuka kiasi gani juani alikuwa hawezi kukadiria muda wa kutembea hadi kanisani.

Alichokitaka mwanzoni kilikuwa nyota. Alinieleza hayo jioni moja tukichambua maharagwe barazani. Alipomaliza shahada yake ya kwanza ya ualimu alijiambia atafundisha kidogo, kisha arudi chuoni kusoma fizikia ya nyota. Alikuwa amekulia Tulia, na kule Kitui anga ikiwa safi hakuna kitu kingine cha kutazama. Basi akajiandikisha kusoma shahada ya uzamili wakati wa likizo. Shule zikifungwa, sisi wengine tukirudi makwetu kulima na kulala, yeye alifunga mfuko wake akaenda chuoni Nairobi. Alirudi amekonda, macho mekundu, lakini akitembea haraka zaidi.

Msimamizi wake alikuwa profesa mzee asiyesema sana. Alimsikiliza akieleza habari za nyota hadi mwisho. Kisha akamwuliza, "Kwenu ni wapi?"

"Kitui."

"Kitui kuna nini?"

"Nikamwambia hakuna kitu," Madam alinisimulia, maharagwe yametulia mapajani mwake. "Nikamwambia, kwetu kuna jua na mchanga. Akaniambia, 'Basi kasome mchanga. Vyombo vya kutazamia nyota hatuna, na hata tungekuwa navyo, nyota zina watu wa kuzisoma. Nani anasoma mchanga wa kwenu?'"

"Wewe ukasemaje?"

"Nilisema asante, Profesa. Nikaenda chooni nikalia. Nilikuwa nimeshanunua vitabu vya nyota, Mwalimu."

Hivyo akaanza kusoma ardhi. Hakuipenda mwanzoni. Alisema ilikuwa kama ndoa za mama zetu: unapewa mtu, mnalima pamoja, na siku moja unashtuka kwamba akichelewa kurudi unatoka nje kumtazamia. Alichotaka kujua ni kitu ambacho kila mtu wa Ukambani anataka kujua: maji yako wapi. Mito yetu, kama mjuavyo, ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, na wanawake huchimba kwa sahani na mikono hadi maji yajitokeze. Lakini chini zaidi, katika mwamba uliooza na nyufa zake, kuna maji mengine, na hayo huwezi kuyafikia kwa sahani. Mtambo wa kuchimba ni ghali. Ukikosea mahali, umekosea.

Chuo kilimwazima chombo. Kilikuwa sanduku lenye ukubwa wa begi la mwanafunzi wa bweni, na betri ya gari, nyaya ndefu zilizoviringwa, na vyuma vinne vya kupigilia ardhini kwa nyundo. Mara ya kwanza alipokijaribu ilikuwa katika uwanja wetu wa michezo, Jumamosi asubuhi. Shule nzima ilijipanga pembeni kumtazama Madam akipigilia vyuma kama mtu anayefunga mbuzi. Mpishi alikuja akifuta mikono kwenye aproni.

"Madam, na hiyo redio yako inaongea na nani?"

"Inaongea na chini," alisema. "Hivi vyuma viwili vya nje vinapeleka umeme kidogo ardhini. Hivi viwili vya ndani vinasikiliza umepitaje. Mahali pakavu panaukataa. Mahali penye maji panaukubali."

"Kwa hivyo inasema maji iko wapi."

"Inasema umeme umepita vizuri. Mengine ni mimi nayasema."

Mpishi alicheka, akarudi jikoni akiwaambia wenzake kwamba Madam amenunua redio ya kuita maji. Lakini neno lile la mwisho lilikuwa ndilo lililomsumbua Madam tangu mwanzo. Maji mazuri hupitisha umeme. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme, hata ukiwa hauna tone la kunywesha ndege. Na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko vyote. "Ardhi haidanganyi," alikuwa akiniambia. "Lakini haisemi yote." Nilimwona mara nyingi akiinamia michoro yake, mistari inayopanda na kushuka kama migongo ya ng'ombe, akijiuliza ule mwinuko au bonde ni la kitu gani kati ya vile vitatu.

Sasa nifike kwenye jambo la Tulia, ambalo bila hilo hakuna mtu angeelewa kwa nini alituacha.

Kanisa la kwao lilikuwa limechanga kwa muda mrefu ili kuchimba kisima. Mama yake, mjane mwembamba aliyevaa kitambaa cheupe kichwani siku zote, alikuwa katika kamati. Waumini waliposikia kwamba binti yao ana chombo cha kusoma ardhi, wakamwita. Aliniomba nimsindikize, kwa kuwa ilikuwa likizo na alihitaji mtu wa kumwandikia vipimo asiyeshtuliwa na tarakimu. Tulipima siku nzima kwenye kiwanja cha kanisa na shamba la jirani. Mama yake alituletea chai, akanisalimu kwa Kikamba, "Wakya," nami nikaitikia, "Aa," akafurahi kwamba mwalimu wa Kiswahili hajasahau kwao.

Jua lilipoinama, mchungaji alikuja. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Sasa mwanangu. Tuambie. Maji iko ama haiko?"

"Mchungaji, kuna kitu hapa chini ya ule mti wa mwisho kinachopitisha umeme vizuri," Madam alisema. "Inaweza kuwa maji mazuri. Inaweza kuwa maji ya chumvi. Inaweza pia kuwa mfinyanzi tu. Ningependa kupima tena, na nimwonyeshe msimamizi wangu."

"Lakini maji inaweza kuwa."

"Inaweza."

"Bwana asifiwe," mchungaji alisema.

Jumapili iliyofuata tulikuwa bado pale. Mchungaji akasimama akatangaza kwamba binti yetu aliyesoma amechunguza ardhi kwa sayansi na amepata maji. Kanisa lilisimama likaimba. Nilimtazama Madam. Alikuwa katika safu ya waimbaji, mdomo wake haufunguki. Mama yake alikuwa akilia kwa furaha benchi la mbele. Nilingoja aseme kitu. Alikaa.

Mtambo ulikuja kabla profesa hajaitazama ile michoro, maana mwenye mtambo alikuwa akipita kuelekea kazi nyingine, na kamati iliona hiyo ni nafasi iliyotoka kwa Mungu. Tulirudi Tulia kushuhudia. Vumbi jeupe lilifunika majani yote. Halafu maji yakaruka, kwanza rangi ya majivu, kisha yakaanza kusafika, na wanawake wakapiga vigelegele hata watu wa sokoni wakaja mbio. Mzee mmoja wa kanisa alikinga viganja, akanywa, akatema. Alimtazama mchungaji. Mchungaji akaonja, naye akatema, lakini kwa adabu, pembeni. Vigelegele vilipungua kimoja kimoja mpaka ikabaki sauti ya mtambo peke yake.

Ndipo mama yake alipotoka katikati ya wanawake. Alitoa kikombe cha bati kwenye kiondo chake, akakinga maji, akasimama mbele ya watu wote, akanywa. Hakuonja. Alikunywa kikombe chote, polepole, mpaka chini, bila kukunja uso. Akajipangusa midomo kwa upande wa kiganja.

"Ng'ombe watakunywa," alisema kwa Kikamba. "Na mbuzi pia."

Kisha akarudi akasimama kando ya binti yake. Hakumshika mkono wala hakumtazama. Alisimama tu pale mpaka watu wakaanza kutawanyika. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akanywa maji matamu, akanywa tena, akaketi kwenye kigoda akicheka kidogo na kushika tumbo. Madam alikuwa mlangoni. Hakuweza kuingia.

"Ingia ndani," mama yake alimwambia. "Ni maji tu."

Wengi wangejificha. Mimi ningejificha. Yeye alikwenda kanisani Jumapili iliyofuata, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifika mapema. Aliomba nafasi ya kusema. Akasimama mbele, mikono imeshikana, akawaeleza kwa Kikamba kitu gani alikiona ardhini na kitu gani hakukiona. Akasema, "Mchungaji aliposema nimepata maji, nilijua sijapata. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mnaimba, na mama yangu alikuwa anafurahi. Mimi nawafundisha watoto wa watu wasiogope kusema sijui. Siku yangu ilipofika niliogopa."

Mchungaji akasimama taratibu, akasema kwamba hata yeye alisikia kile alichotaka kusikia. Baadhi ya watu walilia. Baadhi hawakulia, na kuna mama mmoja jirani, aliyekuwa ameuza mbuzi wake kuchangia, ambaye hakumsalimu Madam tena. Wakikutana njiani aliangalia upande wa pili. Madam aliendelea kumsalimu kila mara. "Ana haki ya kukasirika," aliniambia. "Na mimi nina wajibu wa kusalimia."

Kuanzia hapo alikuwa na swali moja. Aliimaliza shahada yake ya uzamili kwa kuandika wazi, katika tasnifu, kwamba kisima cha Tulia kilikuwa kosa na kosa lilitokana na nini. Profesa wake alimshauri aiondoe sura ile, maana haikuwa ya lazima. Akakataa. Nilikuwa nikimsikia ukutani akiisoma kwa sauti, akisahihisha sentensi, na mara nyingine aliniuliza, "Mwalimu, kuna neno la Kiswahili la kitu ambacho ni kweli lakini hakitoshi?" Nilitafuta. Sikulipata. Nilimwambia, "Sijui bado," naye akacheka hadi nikasikia akiweka kikombe chini.

Swali lake lilikuwa hili: je, kuna namna ya kutofautisha mfinyanzi, maji ya chumvi na maji mazuri kabla ya kuchimba? Alisoma makala za watu wa mbali. Aligundua kuna wanaopima kwa njia ya pili. Wanapeleka umeme ardhini, kisha wanaukata ghafla, na kusikiliza kinachobaki. Mfinyanzi hubaki na umeme kidogo kwa kitambo, unafifia polepole. Maji ya chumvi hayabaki na kitu. Yanasahau papo hapo. Maji mazuri nayo husahau, ila hayapitishi umeme kwa wingi kama ya chumvi, hivyo ukiweka vipimo viwili pamoja, huenda ukajua. Lakini hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwa uangalifu katika mwamba wa kwetu. Chombo chenyewe hakikuwepo chuoni.

Nafasi ya kusomea uzamifu ilipopatikana ng'ambo, katika nchi ya baridi, watu walisema mengi. Kina mama wa kanisani walimwuliza atasoma mpaka lini, na ataolewa lini. Mwalimu mkuu alimwuliza nani atawafundisha watahiniwa. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na vitu vingi vya kusema, lakini vyote vilikuwa na maana moja, kwamba asiende, na huwezi kumwambia mtu hivyo kupitia ukuta.

Mama yake ndiye aliyemaliza maneno. Alikuja Mbumbuni kwa kazi hiyo tu, akala chakula nilichopika, akamwambia binti yake, "Wale watu wa Tulia bado wana kiu. Nenda."

Akaenda. Vyombo vyake alinigawia, isipokuwa vitabu vya nyota, ambavyo aliviacha maktaba ya shule.

Mwanzoni alinitumia sauti yake kwenye simu karibu kila juma. Alinieleza theluji, na mkate usio na ladha, na msimamizi mpya, mwanamke mrefu anayependa kubishana. Aliniambia kwamba siku za kwanza wenzake walidhani anyamazapo haelewi, kumbe anyamazapo ndipo anapoelewa. Kule maabarani alijaza mapipa kwa mchanga na kokoto, akayanywesha maji ya chumvi na maji matamu, akayapima tena na tena. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia mashine ikinguruma. Kisha zikawa sauti za kila mwezi. Kisha za sikukuu. Sikumlaumu. Nami nilikuwa nikianza kumjibu, nafuta, naanza tena, mpaka jambo lenyewe linapoa.

Mama yake alifariki katikati ya masomo hayo, baada ya kuugua muda mfupi. Madam hakuweza kuja. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa zinafanywa upya, na akitoka hangerudi. Nilikwenda Tulia kwa niaba yake. Alikuwa ameniomba kitu kimoja, nisimwonyeshe jeneza, nimletee sauti. Basi nilisimama kati ya kina mama nikashika simu kifuani wakati wakiimba. Yule jirani aliyeuza mbuzi alikuwepo, akiimba kwa nguvu kuliko wote, machozi yakimtiririka. Mtandao ulikatika kabla wimbo haujaisha. Niliporudi barabarani nikampigia, akapokea. Nilimsikia akipumua. Tulikaa hivyo, mimi kando ya barabara ya Tulia na yeye huko kwenye baridi, mpaka salio langu likaisha.

Katika nyumba yake sasa anaishi mwalimu wa Kilimo, kijana mwenye adabu. Anapenda redio. Siku nyingine chakula changu kinapoanza kushika chini nasikia mkono wangu unatafuta kijiko kugonga ukuta, ili nimwambie mtu kitu, sijui nini. Nimegundua kwamba nimekuwa nikimwekea maswali. Msichana akiniuliza darasani kwa nini tunasema jua linakuchwa wakati jua haliendi popote, nasema moyoni, hili la Madam. Nimeweka mengi. Hakuna mahali pa kuyapeleka.

Mwaka huu, shule zilipofungwa mwezi wa nane, simu yangu ililia. "Mwalimu, niko Kitui, soko la Kabati. Nipo na chombo. Uje."

Niliamka mapema nikapika muthokoi wa maharagwe na mboga za kunde, nikaweka kwenye hotpoti, nikabadilisha magari hadi Kabati, hotpoti mapajani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimesikia kwamba chuo chake cha kule kinamtaka abaki afanye utafiti. Nilitaka kumwambia kwamba hapa kwetu pia kuna vyuo, na kwamba shule inamkumbuka, na kwamba nyumba zile zinaweza kubadilishwa, mwalimu wa Kilimo ni mtu wa kuelewana naye. Nilitaka kumwambia arudi. Nililipanga hilo kwa Kiswahili kizuri.

Nilimkuta nje ya soko, kwenye shamba la kikundi kimoja cha maji, amezungukwa na watu. Nywele zake zilikuwa na mvi upande mmoja. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa kofia pana na viatu vya kazi. Aliponiona aliacha nyaya akaja, akanikumbatia kwa muda mrefu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya miaka yote ya ukuta.

"Umekuja na chakula," alisema begani kwangu.

"Ulidhani nitakuja mikono mitupu?"

"Ngoja nimalize hapa. Wamengoja tangu asubuhi."

Nikakaa kivulini. Nilimtazama akisoma kioo cha chombo, akirudia, akikata umeme na kungoja. Mwishowe aliwaita watu wa kamati. Mwenyekiti alikuwa mwanamume mnene aliyevaa koti juani.

"Mahali hapa msichimbe," aliwaambia. "Vipimo vyote viwili vinaonyesha maji ya chumvi. Naweza kukosea. Lakini kama shamba lingekuwa langu, singechimba."

"Madam, hata kidogo?" mwenyekiti aliuliza. "Sisi tumeshaambia watu."

"Najua mmewaambia. Nitakuja nanyi kuwaeleza, mkitaka."

Hawakutaka. Walishukuru kwa sauti za chini, wakaondoka kwa makundi, na mmoja alisikika akisema kwamba watatafuta mtaalamu mwingine wa kuwapa jibu zuri. Hakuna aliyemletea chai. Yeye alisimama akiwaangalia wanavyokwenda, mikono imelegea, na nikadhani sasa atakuja kukaa nami. Nilianza kufungua hotpoti.

Lakini mwanamke mmoja alikuwa hajaondoka. Alikuwa na mitungi ya plastiki iliyofungwa kamba, miguu yake imejaa vumbi hadi magotini. Alimkaribia Madam.

"Sasa kama si hapa," alisema, "tuchimbe wapi?"

"Sijui, mama. Shamba lile la bonde, nyuma ya ule ukingo, ni la nani?"

"Ni letu. Ni mawe tu huko."

"Twende tukaone hayo mawe."

"Saa hizi?"

"Jua bado liko."

Madam alianza kuviringa waya. Mwanamke akaweka mitungi chini, akachukua vyuma akaviweka begani bila kuambiwa. Madam alinigeukia, uso wake umelainika wote, na ikabidi nicheke, maana niliujua uso huo. Aliinua mkono kunionyesha kwamba hatachelewa. Sote wawili tulijua atachelewa, na gari la mwisho la kunirudisha lilikuwa karibu kuondoka.

Niliwatazama wakishuka bondeni, mmoja akieleza na mwingine akiuliza, sauti zao zikinifikia kidogo kidogo halafu zisinifikie. Nilikuwa nimekuja kumwambia arudi. Nikaona ameshafika, ila hakuwa amefika kwangu. Hata hivyo sikutamani apande kurudi kivulini.

Nilifunika hotpoti kwa leso yangu ili chakula kisipoe, nikaiweka mahali ambapo jua halingeifikia, kando ya mitungi ya yule mama. Kisha nikajifuta vumbi, nikaelekea barabarani.